Helmeti Isiyo na Ufa

Kazi yangu ni kuchafua vitu vipya. Nina kibanda Manyatta, karibu na Embu, nyuma ya fundi wa kuchomelea mageti, na humo natengeneza helmeti za kuiga zile za sinema: za askari wa vita vya zamani, za askari wa anga za mbali, yoyote ambayo mpenda sinema anataka kuiweka sebuleni. Naziunda kwa faibaglasi, nazipaka rangi, zinang'aa. Halafu naanza kuziharibu, na hapo majirani hunicheka. "Kwani wewe ni mzima?" Mimi ni mzima sana. Mjinga ni yule anayekwaruza kwa msasa kila mahali akadhani amezeesha kitu. Kitu huchakaa pale mkono unapokishika, na pale kinapogusa ukuta kikitundikwa. Vumbi nalo hukaa kwenye mikunjo isiyofikiwa na kitambaa. Ukikosea hapo, hata mtoto atajua ni uongo.

Mwaka jana mdogo wangu aligongwa na lori la mchanga akitoka Mitunguu na bodaboda yake. Mimi ndiye niliyemtambua hospitalini. Helmeti yake ilikuwa kwenye benchi, imepasuka vibaya nyuma ya sikio la kushoto. Nikamwomba mhudumu aichome. Jeneza tulilipigilia misumari kabla ya kufika nyumbani Kanyakine, ili mama asione kichwa kilivyokuwa. Hata leo sijui tungefanya nini kingine.

Mama hakulia. Alikaa tu, akawa anauliza kitu kimoja: helmeti iko wapi? Asubuhi, helmeti. Wageni wakija kutoa pole, helmeti. Dada yangu, anayeishi naye, akanipigia simu. "Si wewe ndiye fundi wa uongo? Mtengenezee basi, atulie." Niliudhika, nikamkatia. Kesho yake nikanunua helmeti mpya ya aina ile ile.

Sijawahi kufanya kazi vizuri hivyo, na sijawahi kuichukia kazi hivyo. Nilisugua rangi pale kidevuni, alipokuwa akishika ili kuivua. Upande wa kulia nikaweka mikwaruzo ya usukani, maana aliitundika hapo akisubiri abiria. Mara nyingi alibeba mikungu ya ndizi, na utomvu uliganda juu ya helmeti ukawa madoa meusi. Nikatafuta utomvu wenyewe, nikaupaka, nikauanika. Ndani nikapaka mafuta yake ya nywele na vumbi. Kamba nikaivuta na kuisokota hadi ikalegea. Nilipomaliza nikaigeuza, nikaona ni yake kabisa. Niliifunika gunia, nikafunga kibanda.

Nikaipeleka nyumbani. "Mama, watu wa hospitali wameirudisha."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye madoa ya utomvu, akanusa ndani. Dada akanikonyeza, kwamba imepita. Lakini mama aliendelea kuigeuza, polepole, kama mtu anayetafuta funza kwenye hindi.

"Haijapasuka," akasema.

Akaigeuza tena, akapapasa nyuma na pembeni.

"Haina hata ufa. Kwa hivyo hakuwa ameivaa." Sauti ikapanda. "Kila asubuhi nilimpigia kelele hapo mlangoni! Vaa, funga kamba! Kumbe akifika barabarani anaitundika, anaenda kufa kichwa wazi! Mtoto mkaidi! Jeuri!" Akaitupa kitandani.

Ala! Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Alama zote za kuishi kwake nilikuwa nimeziweka. Ile moja ya kufa kwake haikunijia hata akilini, mimi fundi mzima! Na sasa mama angebaki na hasira dhidi ya mtoto ambaye hakukosa lolote, mpaka naye tumzike. Dada alinitikisia kichwa, ninyamaze. Ningenyamazaje?

Nikaichukua, nikatoka nayo uani penye kuni, nikashika shoka. Mama akanifuata mpaka mlangoni.

"Hii nimeitengeneza mimi, mama. Yake niliagiza ichomwe. Alikuwa ameivaa. Ilikuwa hivi."

Nikaipiga kwa kisogo cha shoka, nyuma ya sikio la kushoto. Haikupasuka. Nikapiga tena, na tena, huku nikilia na kuitukana, mpaka ufa ukafunguka.

Mama akaja, akaketi pale pale chini, akaipakata. Akaingiza vidole kwenye ufa, akaviacha humo. Nilingoja anilaani kwa kumdanganya. Hakunilaani.

"Na kamba?" akauliza.

"Alikuwa ameifunga. Ilibidi waikate ili kuivua."

Akaishika kamba.

"Kumbe alikuwa ananisikia," akasema, na hapo ndipo akaanza kulia.