Kinachochekesha Kwenye Bango

Mimi ni mtu wa kujisifu kazini, bora niseme mapema. Mabango ya filamu za vichekesho nayasoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Rangi ya njano nyuma, kwa sababu buluu inaleta huzuni. Kichwa kikubwa juu ya mwili mdogo. Herufi nene zilizolala upande kama mlevi. Niletee bango lolote kutoka Kampala, nitakuonyesha makosa yake kabla chai haijapoa.

Basi kikundi cha waigizaji hapa Arua kikaniagiza bango la kipindi chao cha televisheni. Mhusika wao alikuwa mama muuza mihogo wa mji mdogo wa Inde, mnene, mgomvi, anayeigizwa na mwanamume. Walitaka avae gurbaba, kile kitambaa cha kujifunga cha wanawake wetu wa Kinubi. Nilijua pa kuipata. Nikaenda Koboko kwa mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, nikamwomba yake. Sikumwambia ya nini, naye hakuuliza. Alinipa ile ya sikukuu na harusi, aliyoitarizi kwa mkono wake, tena aliipiga pasi kwanza.

Bango lilitoka zuri. Mpaka leo sioni kosa la mpangilio. Mwigizaji ameinama, gurbaba imembana makalio, kinywa wazi. Likabandikwa Arua, likabandikwa na Koboko sokoni.

Baada ya siku mbili mama mdogo akafika kwangu Awindiri, hapa Arua, asubuhi, bango mkononi. Alikuwa amelibandua ukutani mwenyewe. Nikamkaribisha chai, akakataa. Akalitandaza juu ya meza yangu ya kazi, akavuta kiti.

"Wewe najua hii kazi," alisema. "Eleza mimi. Kitu gani hapa iko nachekesha watu?"

Nikaanza na rangi. Nilieleza vizuri, maana hofu humpa mtu maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua karatasi nyeupe mezani, akaifunika ile njano. "Hii nimesikia. Ingine?"

Nikaeleza herufi, akazifunika. Nikaeleza kichwa na kinywa, akavifunika. Nikaeleza kwa nini mtu ameinama, akaifunika mikono, akaifunika miguu. Mwisho ilibaki gurbaba peke yake katikati ya karatasi, na kila mshono wake ukionekana.

"Na hii?"

Nilikasirika, na aibu yake ninayo bado, kwa sababu nilimkasirikia yeye. "Mama, ni mchezo tu."

"Mimi hapana uliza kama ni muchezo."

Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na mimi mkuki ule niliunoa kwa wiki nzima.

"Watu wanacheka kwa sababu wamama kama wewe ndio wanavaa hivi," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Jana pale sokoni watoto walifuata mimi, walitembea kama huyu mutu wako. Kwa hiyo hii mimi nilijua. Mimi nilitaka kujua kama wewe pia ulijua."

"Nilijua, mama."

Akasimama, akakusanya zile karatasi nyeupe, akazirudisha mahali pake. Akaenda zake kutafuta gari la Koboko. Nguo yake hakuiulizia.