Picha Tulizopewa Kutunza

Chama chetu cha historia kilianzia kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa, Luzira, mtaa wa Kampala wenye kambi ya askari. Aliyekianzisha alikuwa mwalimu mstaafu, mtoto wa askari, aliyechoka kuona familia za kambini zikihama na kutupa vitu vya wazee wao. Tulikuwa watu saba. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiomba barua, kofia za kazi, mikanda, na zaidi ya yote picha. Mimi niliandika daftarini kila kitu kimetoka kwa nani.

Mjane mmoja wa polisi alitukatalia mara mbili. Mumewe, mtu wa kaskazini, alifia kazini, na picha yake iliyobaki ilikuwa moja tu. Mara ya tatu nilikwenda peke yangu.

"Mama, hapa kwako unyevu utaiharibu," nikamwambia. "Kwetu itakaa salama."

Akaifuta kwa ncha ya kitenge, akanipa.

Mwalimu alipofariki, kanisa likakihitaji chumba chake. Wenzangu hawakuwa na nafasi, kwa hiyo nikayapeleka masanduku ya vitu hivyo nyumbani kwangu Kalerwe, nikayaweka sakafuni. Naishi karibu na mtaro mkubwa, na nilijua hufurika. Kila wiki nilijiambia nitatafuta mbao za kuyainulia.

Siku mvua ilipokuja nilikuwa sokoni Owino. Niliporudi alasiri, maji ndani yalifika magotini. Kwa siku mbili nilianika picha juu ya mabati. Zilizogandana zilichanika nilipozitenganisha. Ile ya polisi ilibaki na viatu na kipande cha ukuta.

Sikumwambia mtu.

Miezi michache baadaye yule mama alibisha hodi. Mjukuu wake alikuwa anaoa, na walitaka picha ya babu iwe mezani.

"Nimekuja kumchukua mzee," alisema. "Siku moja tu, nitamrudisha."

Nikampa kiti. Nikamweleza yote, hata habari ya mbao. Akasikiliza mikono ikiwa juu ya mkoba.

"Ni lini hiyo?"

"Mvua zile kubwa."

"Na hukuja kuniambia."

"Niliogopa, mama."

Aliomba kuiona. Aliishika karibu na dirisha kwa muda mrefu, akipitisha kidole mahali uso ulipokuwa. Kisha akaitia mkobani. Nilitaka kumsindikiza hadi stendi, akasema anaijua njia.

Baada ya hapo niliwaambia wenzangu. Tulikutana wanne, tukakubaliana kurudisha vilivyobaki kwa wenyewe. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya Jumamosi sasa, na daftari langu mkononi. Nyumba nyingine zimebomolewa. Nyingine nakuta wapangaji wasiolijua hata jina ninalouliza, narudi na kofia niliyokuja kuirudisha ndani ya mfuko wa plastiki. Wachache wanaopokea vitu vyao huniuliza kama chama kitafunguliwa tena. Nawaambia hapana. Kwa yule mama bado sijakwenda.