Siku Nilijibu Audit na Sauti ya Papa Kamate

Mu Kimemi yote, hapa Butembo, hakuna mutu anachukia uongo kama mimi.

Sawa, mutoe siku ya tatu ya juma, moja tu. Ile siku, mbele ya saa sita, nilikuwa nimezaa mapacha, nimepona tumbo, na nimekuwa mwanaume.

Niko na miaka sabini na moja.

Iko hivi. Solange, mutoto wa kaka yangu, njo anatengenezaka bafacture, karatasi za kuomba malipo, mu centre de santé, kituo yetu ya afya. Kuko mradi moja inalipia bamama benye kuzaa na batu bagonjwa. Mugonjwa halipe kitu. Solange anaandika facture, mradi inalipa.

Mais kila mwaka banatuma mutu wa inje, wa audit, kuangalia kama bale bagonjwa bako kweli. Facture ikinuka uongo, anaikata. Zikikatwa mingi, mradi inafunga mulango, na bamama banarudia kuzalia ku nyumba.

Juma muzima Solange alimwaga karatasi ku kitanda yangu. Facture, fiche ya muganga, saini. Facture, fiche, saini. Mimi nilikuwa namupangia kufuata miezi.

"Shangazi, hapana lamba vidole! Ni karatasi ya audit!"

"Mate yangu iko safi kupita kalamu yako."

Matata ilikuwa moja. Audit alitaka kila facture ikuwe na namba ya simu, na bengi habana simu. Basi Solange akaandika yangu, na pembeni: simu ya jirani.

"Akipiga, unabeba simu mpaka kwa mwenyewe. Umesikia? Unabeba."

"Nimesikia."

Nilisikia kweli. Kutii, ile ni kazi ingine.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nachambua maharagi. Simu ikalia.

"Allô, mama Victoire? Ni Esdras wa audit, nimetoka Beni. Niko hapa ku centre."

Nikaangalia maharagi. Nikaangalia matope inje. Kubeba simu mpaka kwa Victoire? Hapana.

"Ndiyo, ni miye Victoire."

"Ulizalia ku centre?"

"Mapacha! Wa pili alianza na miguu. Ni Mungu tu."

Akanishukuru sana. Eh, nikasikia tamu.

Simu ya pili alitafuta Agar, jirani ingine, mambo ya tumbo.

"Nilihara siku tatu, mwanangu. Nikuelezee namna ilikuwa?"

"Hapana, mama, hapana! Inatosha."

Simu ya tatu: "Allô, ni kwa Kamate?"

Sasa, kwetu Banande, jina inafuata mutoto ni wa ngapi. Donc bakina Kamate mu Kimemi bamejaa. Mimi niliwaza tu muzee Kamate, mwenye kutengenezaka bavélo, baiskeli. Nikashusha sauti mpaka mu tumbo.

"Ni mimi mwenyewe."

"Malaria iliisha, papa?"

"Iliisha, mais ilinitesa. Hata pombe ya kasiksi ilikosa utamu! Muke wangu alinikanda mugongo usiku muzima."

Nikasikia anageuza karatasi.

"Papa Kamate, hapa ku fiche banaandika uko na miezi nane."



"Nilikomaa mbio," nikasema.

Nyuma yake nikasikia Solange: "Shangazi!"

Simu ikakatika.

Maharagi ikanishinda. Facture zenye namba yangu zilikuwa makumi ine na kitu. Zote za kweli. Kazi ya juma muzima, na mimi nimeiharibu bila kusimama ku kiti.

Haikukawia, bakafika. Esdras, kijana wa viatu vya kung'aa, matope mpaka ku magoti. Solange, macho mekundu, hata salamu hakunipa.

"Mama, ao unanionyesha hawa batu watatu, ao nakata bafacture zote zenye namba yako."

Nikamutembeza. Kamate tulimukuta ku mugongo ya mama yake. Esdras alipomusogezea fiche, akaikamata na kuitia mu kinywa. Agar, ye, alielezea tumbo yake kupita vile nilielezea mimi, na safari hii Esdras hakuwa na simu ya kukata.

Akalinganisha majina, tarehe, dawa. Kila kitu sawa. Solange akaanza kupumua.

Munaona? Karatasi ilikuwa kweli tangu mwanzo. Ni musaada yangu njo ilitaka kuiua. Mutu akiwa na kweli yake, mumuache nayo, hapana kumuongezea.

Tukarudia mu lupango ya nyumba yangu. Alibakia Victoire tu, yeye nilimuacha wa mwisho. Kwa sababu zangu.

Esdras akawa anapanguza viatu na majani.

"Mais, mama, Solange alikuambia ubebe simu. Juu ya nini haukufika hata kwa Victoire?"

Solange akaziba kinywa na mukono.

"Ah, mwanangu! Victoire anakaa mbali. Unashuka, unapanda, unavuka muto. Na hii miguu yangu..."

Uzio wa majani ikatikisika nyuma ya kiti yangu. Kichwa ya Victoire ikatokea, mutoto mumoja ku kila mukono.

"Koko, tangu asubuhi nakusikia unazaa mapacha yangu mu simu. Niwalete sasa?"