Moyo Uliozoea Tanuri

Pale Kasulu hakuna aliyempenda Nurudini, naye hakuwahi kumwomba mtu ampende. Miaka ishirini na miwili alichoma matofali. Tanuri likishika moto, wenzake hukimbilia kivulini; yeye husimama mdomoni mwa tanuri akisukuma magogo na kuwatukana waliokimbia.

Kilichomharibu kabisa ni mtafiti mmoja aliyefika mwaka jana. Aliwavisha wachoma matofali na makarani wa ofisini barakoa zenye hewa iliyopunguzwa oksijeni, akawapima mapigo. Makarani mioyo iliwaenda mbio, wa Nurudini ukapiga taratibu. Mtafiti akaeleza kwamba mwili uliozoea joto huongeza maji ya damu, moyo haupati taabu sana, kwa hiyo hata hewa ikipungua mtu hustahimili kidogo. Kidogo, jamani! Nurudini alisikia alichotaka kusikia. Nyumbani alifika akitamba kwamba yeye hata pasipo hewa anaishi.

Adui yake mkubwa alikuwa Ridhiwani, mchimba visima kutoka Mabamba. Walichukiana, lakini mto ulikuwa umekauka na udongo wa matofali hautaki porojo, unataka maji. Basi Ridhiwani akamchimbia kisima kando ya tanuri. Kila asubuhi, kabla ya kushuka, aliteremsha koroboi kwa kamba. Ikiwaka mpaka chini, anashuka. Ikizimika, hata umtolee panga hashuki.

Siku hiyo tanuri lilikuwa limewaka tangu jana yake. Koroboi ilizimika kabla ya kufika nusu. Na sururu ya Ridhiwani ilikuwa imesahaulika chini.

"Moshi wako umejaa humu," Ridhiwani alisema. "Tupunge matawi kwanza hewa ibadilike, mpaka taa ikubali."

"Sema unaogopa! Mwanamume mzima unaamrishwa na koroboi. Sururu yako nakuletea mimi."

"Shuka basi. Kaburi nimeshakuchimbia."

Asmahani, mke wa Nurudini, alikuwa ameleta uji. Aliweka sufuria chini, akachukua kamba, akamfunga mumewe chini ya kwapa.

"Baba Kudra, ukiifungua kamba hii napiga yowe, mtaa wote uje ukuone."

Nurudini aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kufa, akaiacha.

Alishuka kwa vishimo vya ukutani, akitukana hatua kwa hatua. Chini alitarajia kifua kimbane. Hakikumbana. Moyo wake ulitulia vilevile kama siku ya mtafiti, akacheka, akaichomeka sururu mshipini. Alipoinua uso awasimange waliokuwa juu, giza likamfunika, akaanguka. Hakusikia maumivu yoyote. Moto wa miaka ishirini na miwili haukumnunulia hata dakika mbili.

Kule juu hawakusikia tena matusi yake.

"Kanyamaza!" Ridhiwani alipiga kelele, akairukia kamba. Nurudini hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe. Asmahani akashika nyuma yake, wakavuta mpaka viganja vikachunika.

Walimlaza nyasini, midomo yake ya buluu. Baada ya muda alikohoa, akatapika, akafumbua macho. Uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa Ridhiwani, akipangusa damu ya viganja kwenye suruali.

"Usinishukuru," Ridhiwani alisema, akichomoa sururu kutoka mshipini mwa Nurudini. "Nilikuwa navuta chombo changu cha kazi."

Nurudini alilitafuta tusi la kumrudishia. Alilipata, zito kabisa, lakini pumzi ya kulitolea hakuwa nayo.