Kiu ya Muadhini

Tangu msikiti wa Kilwa Kivinje ununue spika kutoka Dar es Salaam, kikohozi cha muadhini, Bwana Dadi, kilikuwa cha mji mzima. Zamani alipokohoa katikati ya adhana walisikia majirani wawili watatu. Sasa kila alipofika "Hayya alal-falah" na pumzi kumkatika, walisikia hata wanawake wanaoanika dagaa pwani, wakacheka.

Shehe Abilahi alimvuta pembeni. "Bwana Dadi, sauti yako tunaipenda. Lakini siku hizi inayoadhini ni sigara. Ramadhani ipite, na Mfungo Mosi unaoifuata ukiisha hujabadilika, adhana tutampa kijana Majid."

Dadi alikuwa fundi baiskeli, mikono haitakati. Adhana aliirithi kwa baba yake, na ndiyo iliyompatia mahali pa kukaa barazani. Akinyang'anywa, angebaki mzibaji pancha tu.

Ramadhani ikaingia, naye akaona jambo la ajabu. Siku moja Stephano, mchuuzi wa korosho, alikaa kwenye benchi akisubiri tairi lake, akawasha sigara kwa mazoea.

"Lo! Samahani, mzee wangu. Umefunga."

"Vuta tu, baba."

Moshi ukampita Dadi puani kama moshi wa kuni. Hakutamani. Lakini jua lilipoinama, ingawa sigara wala kiberiti havikuwepo karibu, mate yalimjaa na vidole vikamcheza.

"Ni tumbaku imekauka mwilini," alimweleza mkewe, Mwahija. "Kama taa ikiishiwa mafuta."

"Kama ni mafuta, mbona ukishavuta wakati wa daku unakaa hadi jioni, na miezi mingine kikombe cha chai tu hukimalizi hujawasha?"

Swali likakaa kichwani mwake kama mchanga ndani ya kiatu.

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa mawingu yalifunika anga, mwezi haukuonekana. Watu wakala daku, na Dadi akavuta sigara yake ya mwisho kabla ya alfajiri. Asubuhi Kudra, shemeji yake, akashuka kwenye gari kutoka Kilwa Masoko amevaa kanga mpya.

"Mbona mmenuna? Masoko ni Idi! Wameusikia mwezi redioni."

Hapo hapo kiu ikamrukia Dadi kooni. Akaitupa spana, akaingia ndani. Alikuwa ameshachomoa sigara chini ya godoro, kiberiti mkononi, Shehe Abilahi alipopita akitangaza nyumba kwa nyumba: hapa Kivinje hakuna aliyeuona mwezi, watu wakamilishe thelathini.

Dadi akarudisha sigara. Akangoja kiu imtese. Haikuja. Akajikagua kifua, ulimi, vidole, kama mtu anayetafuta tundu kwenye mpira ndani ya beseni la maji. Kimya.

"Mwahija!" aliita. "Imeondoka!"

"Nini?"

"Kiu. Kudra kaileta, Shehe kaiondoa. Wala sikuvuta."

"Basi aliyekuwa na kiu si mwili wako," Mwahija akacheka. "Ni ruhusa yako."

Usiku Dadi aliligeuza neno hilo huku na huku. Ikiwa kiu huja pale tu mtu anapojua atapewa, basi je, akijua hatapewa kabisa?

Siku ya Idi, baada ya sala, akaomba kipaza sauti. Watu walidhani anatoa tangazo la baiskeli iliyopotea.

"Nimeweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu," alisema, sauti ikimkwaruza. "Sivuti tena. Mwenye duka akiniuzia, tumekosa sote."

"Hata kipisi?" mtu akapiga kelele. Watu wakaangua kicheko.

Jioni ile, wakati wa Magharibi, mazoea ya mwezi mzima yalimvamia. Mkono ukaingia mfukoni. Dadi akaisubiri kiu kwa udadisi, aone itafika wapi. Ilifika mlangoni, ikajaribu kitasa, ikakuta pamefungwa. Siku zilizofuata ilirudi, mara nyingine kwa fujo, hasa Stephano alipokuja na wenzake; lakini haikukaa.

Mfungo Mosi ulipokaribia kwisha, Mwahija alikuwa akipepeta mchele uani adhana ilipoanza. Ilipofika "Hayya alal-falah," ungo ukasimama mikononi mwake. Sauti ya mumewe ikapanda, ikavuka bila kikohozi, ikaendelea.

Mwahija akaendelea kupepeta.