Kinanda Walichokiombea Kisha Wakakifuta

Mtoto wangu alikuwa hajaanza hata kucheka siku kwaya ilipokuja nyumbani kwangu, mtaa wa Nengo, kunihemba. Huku kwetu mwanamke akizaa, watu wanakuja kumhemba: wanaleta uji, maziwa, sabuni ya kufulia nepi, wanakaa, wanaimba kidogo, wanasema mtoto amechukua paji la baba yake. Ni desturi nzuri na siisemi vibaya. Ila siku ile, pamoja na termosi mbili za uji, waliniletea habari kwamba kiti changu kimepata mtu.

Kiti ninachosema ni kile cha nyuma ya kinanda, upande wa kushoto wa mimbari. Nilikikalia tangu nikiwa sekondari. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nafika kanisani kabla ya mazoezi, mlinzi ananifungulia, napapasa vibonye mpaka wenzangu waje. Baadaye kwaya ya ibada ya Kiswahili ikakosa mpigaji, nikaambiwa nikae, nikakaa. Niliolewa, nikaendelea kukaa. Nilipiga mpaka tumbo likanisukuma mbali na kinanda, ikabidi ninyooshe mikono kama mtu anayesukuma toroli.

Rais wa kwaya alikuwa ameshika kikombe, mguu mmoja juu ya mwingine, kwenye kochi langu.

“Dada, we pumzika,” akasema. “Mutoto njo kwaya yako sasa.” Yaani mtoto ndiye kwaya yangu.

“Mutoto ni mutoto, kwaya ni kwaya. Nani anapiga?”

Akanitajia kaka mmoja aliyehamia kwetu akitoka Goma, ambaye huko alipiga kwenye bendi. Nilimfahamu. Na niseme ukweli, ni fundi. Anapita kwenye vibonye vyeusi na vyeupe kama mtu anayezunguka sebuleni kwake bila kuwasha taa.

“Na tena tulisafisha kinanda,” rais akaongeza.

“Mulisafisha na nini?”

“Na maombi.”

Rafiki yangu wa soprano, aliyekuwa amembeba mtoto wangu, akaangalia ukutani ili asicheke. Ndipo nikasimuliwa. Kumbe nilipokuwa kitandani, kinanda kilikodishwa kwenye arusi huko Rugerero. Mpigaji wa arusi alihifadhi mdundo wake wa sebene, ule wa kuchezea dansi, ndani ya namba mojawapo ya memori, akarudisha kinanda, akaenda zake. Jumapili iliyofuata, katikati ya meza ya Bwana, watu wameinamisha vichwa, yule kaka akabonyeza namba akitafuta sauti ya filimbi. Sebene ikalia kanisa zima, ngoma na gitaa. Mama mmoja mzee, nimeambiwa, alitikisa bega kabla hajakumbuka yuko wapi.

Wazee wa kanisa walikaa kikao. Wakasema kuna kitu kimeingia ndani ya kinanda. Wakakizunguka, wakakiwekea mikono, wakaomba. Halafu, ili wasiache shaka, wakamwambia yule kaka akifanye kiwe kama kilivyotoka dukani. Akashika kibonye cheupe cha mwisho kulia, akawasha umeme akiwa bado amekishika, na kinanda kikasahau kila kitu.

“Kila kitu?” nikauliza.

“Yote. Sasa iko mupya.”

Uji ulikuwa mtamu. Niliunywa wote, maana sikutaka waseme hasira imenikausha maziwa.

Lazima nieleze walichofuta, la sivyo mtu atasema nalalamikia vitufe. Kinanda cha umeme kina mamia ya sauti. Kwa kila wimbo unachagua sauti ya mkono wa kulia, ya mkono wa kushoto, mdundo, mwendo wake, na mahali vibonye vinapogawanyika kati ya mikono miwili. Ukianza kutafuta hayo yote mbele ya waumini, watakohoa mpaka wachoke. Kwa hiyo unapanga mapema, unashikilia kitufe cha memori, unabonyeza namba, na kinanda kinakumbuka. Jumapili unagusa namba tu. Wimbo mmoja wa kwaya yetu unaweza kuwa na namba tatu: ya kuanzia, ya kiitikio, na ya kumalizia. Nilipanga nyimbo zetu zote hivyo, moja moja. Nilisikiliza sauti ya kila mtu wetu, nani anaishiwa pumzi wapi, nani akipewa ngoma nyingi anakimbia.

Na kuna jambo lingine. Mimi napiga kwenye do, ile ya do-re-mi. Wimbo wowote, vidole vyangu viko kwenye do, vibonye vyeupe. Wimbo ukitaka kupanda, mimi sipandi. Kuna kitufe kinachosogeza kinanda chote juu au chini huku vidole vikibaki palepale. Wapigaji wengi wa makanisa yetu tuliojifunza bila mwalimu tunapiga hivyo. Kipimo hicho cha kupanda au kushuka nacho nilikihifadhi ndani ya kila namba.

Sasa, mimi si mjinga. Kabla ya kwenda kujifungua nilichomeka flash nyuma ya kinanda, nikahifadhi namba zote humo, nikaipeleka nyumbani. Ilikuwa kwenye kikopo cha vifungo vya nguo. Wageni walipoondoka nilimwambia mume wangu.

“Achana nabo,” akasema. “Si utapata kingine cha kufanya.”

“Kama kipi?”

Akakumbuka kwamba pikipiki yake inahitaji kuangaliwa mafuta, akatoka.

Nikaiacha flash kwenye kikopo chake. Kwaya ilikuwa inakaribia tamasha lake, wageni wamealikwa kutoka Nyamyumba na Goma. Rafiki yangu wa soprano alipita kuniambia mazoezi yameharibika. Kaka anapiga vizuri sana, akasema, lakini kila wimbo unaanza kivyake na hawajui waingie wapi. Wamezoea mianzo yangu. Nikamwambia yote iko kwenye flash. Nadhani ni yeye aliyesema kuhusu flash, sikumuuliza, kwa sababu kesho yake rais alinipigia simu.

“Dada, nasikia uko na flash. Uilete, ni ya kanisa.”

“Flash nilinunua mi mwenyewe sokoni.”

“Bon, flash ni yako. Vile viko ndani ni vya kanisa.”

“Vile viko ndani ni mikono yangu.”

“Uilete hata hivyo. Tuone.”

Nilijua ninachokwenda kutafuta. Sikwenda kusaidia. Nilikwenda kuchukua kiti changu, na tamasha lilikuwa kesho yake. Wageni wakishamwona mtu mwingine pale, ndiye atakayekuwa mpigaji wa kwaya, na mimi nitakuwa mama fulani aliyewahi kupiga. Nilifunga mtoto mgongoni, nikaenda kanisani kwa miguu.

Kwaya ilikuwa imeshajipanga. Nikampa kaka flash.

“Kabla hujaanza,” nikamwambia, “kuko kitu moja ya kujua juu ya hizo namba.”

“Maman, mi nilianza kupiga clavier we ungali unatambaa.”

Tumelingana umri, pengine namzidi. “Kama we ni muzee hivyo, endelea,” nikasema, nikakaa kwenye benchi la mbele, nikamtoa mtoto mgongoni, nikamnyonyesha.

Alijua kupakia, sikatai. Alichomeka, akafungua, akabonyeza namba ya wimbo wa kwanza, akagusa kitufe cha kuanzisha. Mwanzo wangu ukatoka: filimbi, kisha ngoma ndogo, kisha ule mpumuo mfupi ambapo wote wanavuta hewa. Wanawake wa alto waliguna kwa raha. Halafu kaka akaingia na mikono yake kwenye mi bemoli, vibonye vitatu juu ya do, ambako wimbo ule unaimbwa kweli.

Lakini namba yangu ilikuwa tayari imekipandisha kinanda mpaka mi bemoli. Kwa hiyo mi bemoli yake ilipanda tena juu ya ile yangu. Kwaya haikujua. Kwaya inafuata kinanda. Walianza juu, na kiitikio kikaja juu zaidi, soprano mmoja akashika shingo, tenori wakaacha kuimba wakawa wanaangaliana. Mwalimu wa kwaya hakuwepo, na rais ndiye aliyekuwa akipunga mikono.

“Nani anawapandisha?” akauliza.

“Si mi,” kaka akasema. “Hii flash iko na virusi.”

Akajaribu wimbo mwingine. Huo niliushusha kwa ajili ya mababa wa sauti nzito. Naye akaupiga mahali pake pa kweli, basi mababa wakashuka hadi hakuna aliyesikika, midomo tu inatembea.

“Muite wazee waombee tena,” rafiki yangu wa soprano akasema, na benchi zima la wanawake likacheka.

Nilimaliza upande mmoja wa kunyonyesha, nikamhamishia mtoto upande wa pili, ndipo nikawaeleza kwamba mimi napiga do, na namba ndizo zinazopandisha na kushusha. Kaka alinitazama.

“Kumbe we unapigaka mu do tu? Nyimbo yote?”

“Yote. Na mulikuwa munaimba muzuri, hakuna mutu alilia.”

Alibonyeza kitufe cha kurudisha kinanda mahali pake, akapiga, na wimbo ukakaa sawa. Hapo niliogopa, nakiri. Kama ni kitufe kimoja tu, hawanihitaji. Lakini kiitikio kilipofika akabonyeza namba ya pili, na namba ya pili nayo ilikuwa na kipimo changu, wote wakaruka tena juu kama wamekanyaga moto. Ingebidi kukitoa kile kipimo kwenye kila namba na kuihifadhi namba upya, wimbo kwa wimbo.

Rais aliona hilo upesi. Akaja kukaa karibu nami, sauti ya chini, sauti ya kanisani.

“Dada, fanya hivi. Utuondolee hiyo kitu mu namba zote leo, we unazijua. Kesho ye apige. Na tutakutaja mu shukrani.”

Yaani nikae pale mpaka giza, mtoto mapajani, nibomoe kazi yangu namba kwa namba ili imkae mtu mwingine mkononi. Halafu nitajwe.

“Hapana,” nikasema. “Kesho napiga mi.”

“Na mutoto?”

“Mutoto iko na mashangazi benchi mzima. Mi mwenyewe njo bado najifunza kumushika.”

“Wazee walishaamua.”

Nilimpa rafiki yangu mtoto. Nikaenda nyuma ya kinanda, nikachomoa flash nikaiweka mfukoni, nikazima umeme. Kidole kimoja nikakiweka kwenye kibonye cheupe cha mwisho kulia, mkono mwingine kwenye swichi.

“Basi kesho apige na kile kinanda wazee waliombea,” nikasema. “Niwashe?”

Rais alimtazama kaka, na kaka, namheshimu kwa hilo, akatoka kwenye kiti bila kungoja kuambiwa. “Mwache apige,” akasema. “Mi siwezi panga hii yote kwa usiku moja.” Kisha akaniuliza ile besi ya mkono wa kushoto kwenye kiitikio niliipata wapi. Nikamwambia nitamwonyesha baada ya tamasha, na kwamba namba za nyuma ziko tupu, ahifadhi zake humo, zangu asiguse. Akasema sawa. Rais aliuliza kama ningependa kuwashukuru wazee kwa kunielewa. Nikamwambia tuanze mazoezi.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Hakuna aliyenitaja kwenye shukrani. Kwenye wimbo wa tatu nilimsikia mtoto analia nyuma, kwenye mgongo wa mama mmoja wa alto. Rais akageuza kichwa kunitazama, akiwa ameinua nyusi. Nilisikiliza kile kilio. Hakikuwa cha njaa, kilikuwa cha kutaka kubebwa kwa namna nyingine. Kiitikio kilikuwa kinakuja, kwaya inavuta hewa, nikabonyeza namba ya pili.