Nimesinzia, Nusura Nichomwe Uti wa Mgongo

Jamani wenzangu, leo nusura nichomwe sindano ya uti wa mgongo kwa kosa la kusinzia!

Daktari Mzungu anayechunguza malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoingia hadi kwenye ubongo, kaja kijijini kwetu Ipuli. Mie nikasinzia kwenye mstari wa kupimwa.

"Huyu anao!" dresa, msaidizi wake, akapiga kelele. "Mlazeni, tumtoe maji ya uti wa mgongo yapimwe!"



Mara mama mkwe huyo, kawabeba wanangu pacha, wanalia.

"Ugonjwa wake huu hapa!" Kulwa akampakatisha daktari, Doto akampa dresa. "Wabembelezeni. Wakinyamaza, mchomeni."

Thubutu! Vipenzi vyangu wakapokezana kulia mpaka jua la utosi.

Kugeuka, daktari kaegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma!

Dresa akaninong'oneza, "Mama Kulwa, nenda zako."

Haya, semeni: sindano ilikuwa ya nani?